Diski iliyopitwa na wakati ni deni la mtengenezaji

Kompyuta ikianza kujikokota, ushauri wa mtaani ni mmoja: ipigwe Windows upya. Fundi anatoa flashi au CD yake, mteja anaulizwa anataka Seven, Ten au Eleven, na baada ya saa moja au mbili mashine inarudi ikiwa nyepesi kama imetoka dukani. Kinachosahaulika ni kuuliza tarehe. Diski hiyo ilitengenezwa lini, na viraka vya mwisho vilivyomo ndani yake ni vya mwezi gani wa mwaka gani? Jina la mfumo halitoi jibu. Windows 7 iliyofungwa kiwandani mwaka 2009 na Windows 7 yenye marekebisho ya mwaka 2016 zina jina moja na sura moja, lakini ile ya kwanza ina matundu ya usalama ambayo yalikwisha kujulikana dunia nzima na kuandikiwa virusi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kuziba matundu hayo ndani ya diski yenyewe ni kazi ya aliyeuza mfumo, na diski hiyo iliyozibwa inapaswa kumfikia kila mwenye leseni. Anayetoa kiraka mtandaoni na kuiacha diski kama ilivyokuwa amefanya nusu ya matengenezo. Nusu iliyobaki amemtwika mnunuzi, na mzigo huo humwelemea zaidi mwenye intaneti duni.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwaka 2003. Windows XP ilianza kuuzwa Oktoba 25, 2001. Ilikuwa na ukuta wa kinga wa kuwazuia wanaobisha kutoka nje, ila ukuta huo ulikuja ukiwa umezimwa, na mtumiaji wa kawaida hakujua hata kama upo. Julai 16, 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika huduma ya RPC, ile inayoziwezesha programu za kompyuta moja kuzungumza na za kompyuta nyingine. Wiki nne hazijatimia, Agosti 11, kirusi cha Blaster kikaanza kusambaa. Hakikuhitaji mtu afungue barua pepe wala abonyeze chochote. Kilibisha mlango namba 135 wa mashine isiyo na kiraka, kikaingia chenyewe. Mtu yuko kazini, mara kinatokea kidirisha kinachosema mfumo unazimwa, ahifadhi kazi zake, zimebaki sekunde 60, kisha 59, kisha 58, na chini yake maelezo kwamba huduma ya RPC imekatika ghafla. Wajuzi walijifunza kukimbilia dirisha la amri na kuandika shutdown -a ili kuisimamisha hesabu hiyo. Wengine waliitazama ikifika sifuri, mashine ikazima na kuwaka upya, wakaunganisha tena intaneti ya simu, na hesabu ikaanza tena.

Sasa mfikirie aliyeamua kupiga Windows upya wakati huo akitumia diski yake halali ya mwaka 2001. Mfumo aliousakinisha ulikuwa na tundu lilelile na ukuta uliozimwa. Kiraka kilikuwa mtandaoni, na kirusi nacho kilikuwa mtandaoni, kwa hiyo safari ya kukifuata kimoja ilikuwa ni kukutana na kingine. Taasisi ya SANS ya Marekani, kupitia kituo chake cha Internet Storm Center, ilikuwa ikipima muda ambao kompyuta isiyo na viraka ingedumu mtandaoni kabla ya kushambuliwa. Mwaka 2004 wastani ulikuwa umeshuka hadi kama dakika 20. Mkusanyo mkubwa wa viraka uliotoka mwaka huo, Service Pack 2, ulikuwa na takriban MB 266 kwa furushi lake kamili. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kuupakua kungechukua zaidi ya saa 10 hata kama laini isingekatika mara moja. Kenya na Tanzania wakati huo hazikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja. SEACOM ulifika Julai 2009, na kabla yake intaneti ilitegemea setilaiti, ya bei ghali na kasi ndogo. Hapo saa 10 za hesabu ya karatasi zilikuwa ndoto nzuri. Isitoshe, waliokitunga Blaster walikipanga kiishambulie anwani ya windowsupdate.com kuanzia Agosti 16, yaani mahali penyewe pa kuchukulia dawa. Microsoft iliokoka kwa kuizima anwani hiyo, ambayo kwa bahati ilikuwa ya kuwaelekeza tu watu kwenye anwani nyingine.

Mtengenezaji mwenyewe aliiona mantiki ya jambo hili. Februari 2004 Microsoft ilitoa CD ya viraka vya usalama kwa Windows 98, Me, 2000 na XP, na ikaituma kwa posta bila malipo kwa aliyeiomba. Hatua hiyo inastahili sifa, na pia inaonyesha ugumu ulipo, kwa sababu CD ya Februari ilibeba viraka vya hadi Oktoba mwaka uliotangulia. Aprili 13 kilitoka kiraka cha tundu jingine, Aprili 30 kirusi cha Sasser kikalitumia tundu hilo, na miongoni mwa walioathirika walikuwamo walinzi wa pwani wa Uingereza, waliolazimika kuacha ramani za kompyuta na kurudia za karatasi. CD ya Februari haikuwa na la kusema juu ya Sasser. Kinachohitajika basi si diski moja ya dharura inayotolewa baada ya maafa; ni desturi ya kuifungua diski, kuiwekea viraka na kuifunga upya kwa ratiba inayojulikana.

Service Pack 2 ilipotoka Agosti 2004 ilikuja na ukuta wa kinga uliowashwa tangu mwanzo, nayo ikatumwa bure kwa CD kwa walioitaka. Msomaji makini atauliza: mwenye CD ya Windows ya mwaka 2001 na CD ya Service Pack 2 anakosa nini? Achomoe waya wa mtandao, asakinishe ya kwanza, aweke ya pili, kisha ndipo aunganishe. Kwa usalama peke yake, kweli, CD hizo mbili zilitosha kwa mtu aliyejua kuchomoa waya. Lakini kuna mambo yanayoamuliwa wakati wa kusakinisha, kabla mkusanyo wowote haujapata nafasi ya kuingia. Windows XP ya kwanza haikuweza kuona zaidi ya GB 137 za diski kuu; uwezo huo uliongezwa na Service Pack 1 mwaka 2002. Mwenye diski kuu ya GB 160 aliyesakinisha kwa CD ya zamani aliigawa akiwa na mfumo usioiona yote, na marekebisho yaliyofuata yalikuta mipaka imekwisha kuchorwa. Diski yenye marekebisho ndani yake ilimwondolea usumbufu huo.

Na njia ya kuitengeneza ilikuwapo. Tangu Windows 2000, mikusanyo ya Microsoft ilikuja na uwezo wa kuingizwa ndani ya mafaili ya diski ya kusakinisha. Kwa XP kazi ilikuwa hivi: unainakili CD yote kwenye folda ndani ya kompyuta, tuseme C:\xp, kisha unaliita faili la Service Pack kwa amri ukiongeza maneno /integrate:C:\xp. Kidirisha kinatokea na mstari wa kijani unaojaa taratibu. Nyuma yake mafaili ya zamani katika folda ya I386 yanabadilishwa moja baada ya jingine kwa mapya. Dakika chache baadaye unaambiwa kazi imekamilika. Hapo ndipo wengi walipokwama, maana kuzichoma tu folda hizo kwenye CD mpya kulizaa CD yenye kila kitu isipokuwa uwezo wa kuwaka. Ilibidi kile kipande kidogo cha kuwashia, chenye baiti 2,048 tu, kichopolewe kutoka CD halisi kwa programu nyingine na kupachikwa kwenye mpya. Lugha nayo ilipaswa kulingana: CD ya Kiingereza haikukubali mkusanyo wa Kifaransa. Aliyevuka vikwazo hivyo alipata CD moja ya MB 700 iliyosakinisha Windows ikiwa tayari ina marekebisho ya miaka mitatu. Baadaye programu za bure kama nLite zilirahisisha kazi na kuruhusu hata kuongeza draiva za diski za SATA, ambazo XP haikuzijua.

Ninalitaja hili kwa kirefu kwa sababu linaondoa udhuru mmoja mkubwa. Isingewezekana kudai kwamba kuingiza viraka kwenye diski ni jambo gumu kiufundi, maana kampuni ilikuwa imelifanya liwezekane kwa amri moja, ikaliandikia maelekezo kwa ajili ya mafundi wa makampuni makubwa, na yenyewe ikawa inauza maboksi mapya ya XP yenye Service Pack 2 ndani yake. Aliyenunua boksi mwaka 2005 alipata diski nzima. Aliyenunua mwaka 2001 kwa fedha ileile alibaki na diski yenye matundu pamoja na mkusanyo wa kujiwekea mwenyewe kila mara alipopiga Windows upya. Leseni zao zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja aliwahi kununua, na kwa kuwahi huko akaadhibiwa.

Kwa soko letu adhabu hiyo ina sura ya pekee. Sehemu kubwa ya kompyuta zinazouzwa kwenye maduka ya mitumba Dar es Salaam au Nairobi zilianza maisha yake katika ofisi za Ulaya na Marekani. Watengenezaji wa mashine hizo waliacha zamani kuweka CD kwenye boksi. Badala yake walificha nakala ya mfumo katika sehemu maalumu ya diski kuu, ili mwenye mashine airudishe katika hali ya kiwandani akitaka. Ofisi inayotupa kompyuta hufuta diski kuu yote kulinda siri zake, jambo la busara kabisa, na nakala iliyofichwa hufutika pamoja nayo. Pengine diski kuu yenyewe huchomolewa na kuwekwa nyingine. Mashine inafika kwetu ikiwa na kibandiko cha leseni ubavuni na haina chochote cha kusakinishia. Hata pale nakala iliponusurika, ni ya siku mashine ilipotoka kiwandani. Mnunuzi wa mtumba anategemea diski ya fundi, na fundi anategemea diski aliyoipata popote alipoipata.

Windows 7 inaonyesha kwamba tatizo halikwisha na enzi za modemu. Ilitoka Oktoba 2009, ikapata Service Pack 1 mwanzoni mwa 2011, na Service Pack 2 haikuja kamwe, ingawa viraka viliendelea kutolewa hadi Januari 14, 2020. Aliyeisakinisha mwaka 2016 kwa diski yenye Service Pack 1, yaani diski mpya kuliko zote rasmi, alikabiliwa na viraka zaidi ya 200, na kabla ya kuvipakua mashine ilikaa saa nyingi ikivitafuta tu, prosesa ikichemka na feni ikilia. Mei 2016 Microsoft ilitoa mkusanyo mmoja wa takriban viraka vyote vya miaka mitano. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini haukuitwa Service Pack, haukuja ndani ya diski mpya, na ulikataa kuingia mpaka kwanza uweke kiraka kingine cha Aprili 2015. Aliyetaka diski kamili alirudi kulekule kwenye kuichonga mwenyewe, safari hii kwa amri za DISM, chombo cha Windows cha kuhariri mafaili ya kusakinishia. Wakati huohuo kampuni ilikuwa ikiwahimiza watu kwa nguvu zote wahamie Windows 10, na si dhambi kushuku kwamba diski nzuri ya Windows 7 haikuwa na mtetezi mkubwa pale makao makuu ya Microsoft.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosikika zaidi, ni kwamba intaneti sasa ina kasi na viraka hujishusha vyenyewe, kwa hiyo diski ikiwa ya zamani haidhuru. Kasi imeongezeka kweli. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba mfumo wa zamani unaweza kuifikia seva ya viraka, na dhana hiyo imevunjika mara kadhaa. Kuanzia Agosti 2019 viraka vya Windows 7 vilitiwa saini za kidijitali za aina mpya, SHA-2, ambazo Windows 7 isiyosasishwa haikuzielewa. Na mwaka 2020 Microsoft ikazima milango ya zamani ya huduma ya Windows Update iliyotumia SHA-1. Diski ya mwaka 2011 ikisakinishwa baada ya hapo inabisha mlango ambao haupo tena. Sharti kwanza utafute viraka fulani kwa mkono, uvilete kwa flashi, uviweke kwa mpangilio sahihi, ndipo mashine ipate kuzungumza na seva. Vyeti vya usalama vya tovuti navyo huisha muda. Septemba 30, 2021 kiliisha cheti kikuu cha zamani kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt, na vifaa ambavyo havikuwa vimepata cheti kipya vilianza kuzikataa tovuti zisizo na kosa lolote. Apple nayo ilionjeshwa: Oktoba 24, 2019 cheti kilichotumika kwenye vifaa vyake vingi vya kusakinishia macOS kiliisha, na waliokuwa wamehifadhi vifaa hivyo kwenye flashi wakaambiwa na kompyuta kwamba programu imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imepitwa na tarehe, na Apple ikalazimika kuvitoa upya vifaa hivyo kwa cheti kipya. Diski ya zamani, kwa maneno mengine, haichelewi tu. Hufika wakati ikapoteza njia.

Wengine husema ruta ya nyumbani inatosha, kwa kuwa huzuia wanaobisha kutoka nje. Kwa nyumba yenye kompyuta moja ni kweli kwa kiasi kikubwa, na Blaster kisingemfika mtu huyo kirahisi. Kwa maabara ya shule yenye mashine 30 hoja hiyo inalegea, kwa sababu ruta hailindi mashine dhidi ya jirani yake aliye upande uleule. Kirusi cha Conficker, kilichoanza Novemba 2008 mwezi mmoja baada ya kiraka chake kutoka, kilisambaa kwa mtandao wa ndani na kwa flashi pia. WannaCry ya Mei 12, 2017 ilitumia tundu lililokuwa limezibwa Machi mwaka huo, na ilipoingia katika ofisi moja iliruka kutoka mashine hadi mashine bila msaada wa mtu. Katika chumba kama hicho kompyuta iliyopigwa Windows jana kwa diski ya zamani ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa machoni ndiyo safi kuliko zote.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mafundi waangalifu: kiraka chaweza kuharibu, na kukichanganya ndani ya diski ni kuueneza uharibifu kwa kila atakayeitumia. Mifano wanayo. Service Pack 3 ya XP ilipotoka Mei 2008, baadhi ya kompyuta zenye prosesa za AMD zilianza kuwaka na kuzima bila kikomo. Chanzo kilipochunguzwa kikakutwa kwenye nakala za kiwandani: mfumo ulikuwa umeandaliwa kwenye mashine ya Intel, kisha ukanakiliwa ulivyo, pamoja na draiva ya Intel, kwenye mashine za AMD. Mfano huu kwa kweli unanisaidia mimi. Aliyesakinisha upya kwa diski yenye Service Pack 3 ndani yake hakuguswa, kwa kuwa usakinishaji mpya ulichagua draiva inayolingana na prosesa. Waliougua ni waliopachika mkusanyo juu ya nakala ya kurithi. Mfano wa pili ni mgumu zaidi kuukwepa. Desemba 2024 Microsoft ilitahadharisha kwamba diski na flashi za Windows 11 toleo la 24H2 zilizotengenezwa zikiwa na viraka vya Oktoba au Novemba mwaka huo zingeweza kuiacha kompyuta katika hali ya kutokubali tena kiraka chochote cha usalama. Hapo kosa lilikuwa katika diski iliyosasishwa, tena kosa baya. Ila tazama ilivyotatuliwa: kampuni iliwaambia watu wasakinishe upya kwa diski yenye viraka vya Desemba. Tiba ya diski mbovu ilikuwa diski mpya zaidi, na iliyoweza kuijaribu na kuitoa ni kampuni iliyoiuza.

Lipo pia la uharamia. Inasemekana diski zilizochongwa ndizo zinazobeba Windows za wizi na virusi vya kupandikizwa, na kwamba kuzihimiza ni kuwapa wezi nguvu. Asiyeziona CD za namna hiyo zikipangwa kwenye meza za mitaa ya Kariakoo au Luthuli Avenue miaka ile labda hakuwa akipita huko. Zilikuwa na majina ya madoido, mandhari nyeusi, programu kibao zilizotiwa bila kuombwa, na hakuna aliyejua nani kaongeza nini. Lakini kilichowavuta wateja hakikuwa bei peke yake, maana hata CD ya kawaida ya wizi iliuzwa bei hiyohiyo. Walivutwa na maandishi ya kwenye jalada: viraka vyote vimo, draiva zimo. Soko lilikuwa limeitambua haja ambayo mwenye mali aliipuuza. Mtu mwenye leseni halali aliyekosa diski rasmi iliyosasishwa alisukumwa kwenye meza ileile na mwizi, akachukua kitu ambacho hakuwa na namna ya kukihakiki. Faili rasmi lingeweza kutolewa pamoja na alama yake ya SHA-256, ile safu ya herufi na tarakimu 64 inayobadilika kabisa hata biti moja ikiguswa, na fundi yeyote angeweza kuilinganisha kabla ya kuchoma.

Kwamba jambo hili linawezekana kila wakati na si kwa kubahatisha, Linux imekwisha kuonyesha. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, hutoa matoleo madogo ya mfumo wake thabiti kila baada ya miezi michache, viraka vya usalama vikiwa ndani, na katika matangazo yake huwakumbusha watu kwamba diski za zamani hazina haja ya kutupwa, kwani anayesasisha mara kwa mara ana vitu vilevile. Ubuntu ilifuata mtindo huo kwa matoleo yake ya muda mrefu: 6.06 ilitoka Juni 2006, na Agosti tayari kulikuwa na diski ya 6.06.1. Kampuni ya Canonical, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikwenda mbele zaidi kwa mpango wa ShipIt, uliotuma CD bila malipo popote duniani, posta ikiwa imelipwa, mpaka uliposimamishwa Aprili 2011. Wapo watakaosema hao hugawa bure na hivyo hawana cha kupoteza diski zikizagaa. Hilo ni kweli kuhusu diski, si kuhusu kazi. Kazi ya kukusanya viraka, kuvijaribu pamoja na kuvifunga inagharimu muda uleule kwa anayegawa na anayeuza, na ni ajabu wanaojitolea waimudu huku wanaolipwa wakiiona mzigo.

Haki inataka niseme kwamba Microsoft ya leo si ya mwaka 2004. Mafaili ya kusakinishia Windows 11 hutolewa kwa mtu yeyote kwenye tovuti yake na husasishwa mara kwa mara, na wateja wakubwa wenye mikataba hupata nakala mpya karibu kila mwezi. Kilichobaki ni kwamba faili hilo lina zaidi ya GB 5, halipatikani kwa posta, na mteja wa kawaida hana njia rahisi ya kujua faili alilonalo lina viraka vya mwezi gani. Pakiti ya maziwa inaandikwa tarehe. Faili la mfumo unaoshika akaunti zako za benki linaandikwa namba za toleo ambazo mtu hana budi kuzitafutia maana. Tarehe ya kiraka cha mwisho iandikwe kwenye jina la faili na kwenye dirisha la kwanza la kusakinisha. Ni mabadiliko madogo, na fundi angemwonyesha mteja tarehe hiyo kabla ya kuanza kazi.

Linalohitaji msukumo zaidi ni diski ya mwisho. Viraka vya bure vya Windows 10 vilikoma Oktoba 14, 2025, na kwa wanaojiandikisha katika mpango wa nyongeza vinaendelea hadi Oktoba 13, 2026. Kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 ndizo zitakazojaa kwenye maduka ya mitumba, na zitapigwa Windows 10 kwa miaka mingi ijayo, tupende tusipende. XP iliachwa na diski ya mwaka 2008 ilhali viraka viliendelea hadi Aprili 8, 2014. Miaka sita ya matengenezo haikuwahi kuingia kwenye diski yoyote rasmi. Huambiwa kwamba kutoa diski kamili ya mfumo uliostaafu ni kuwabembeleza watu wasihame. Walioikosa diski hiyo ya XP hawakuhama kwa kuikosa. Waliendelea na ya 2008. Safari hii ipo sababu nyingine ya kiufundi: vyeti vya mwaka 2011 vya Secure Boot, ulinzi unaokagua kianzishi kabla mfumo haujawaka, vinaanza kuisha Juni 2026, na mashine ikishakamilisha hatua zilizotolewa tangu Mei 2023 za kukataa vianzishi vya zamani, flashi ya kusakinisha ambayo haikusasishwa haitawaka kwenye mashine hiyo. Faili moja la Windows 10 lenye kila kiraka hadi siku ya mwisho, kianzishi kipya na alama yake ya kuhakiki, likiachwa kwenye seva ya Microsoft kwa miaka kumi, lingegharimu nafasi ya GB chache na kazi ya kikosi kidogo cha wahandisi.